Babu Yetu Alitoka Wapi?

Katika ukoo wetu kuna maneno ambayo kila mtoto hupewa mapema, karibu sawa na anavyofundishwa Fatiha: babu yetu mkuu alitoka Unguja, alikuja bara na Tippu Tip. Niliyasikia Kasongo nikiwa mdogo, nikayasikia Kindu kwa shangazi zangu, na nimeyasikia tena hapa Brussels kwenye matanga na harusi za watu wa Maniema. Wala si sisi peke yetu. Nyumba nyingi za Kiislamu zilizotoka kando ya mto Lualaba zina babu wa namna hiyo. Rafiki yangu mmoja wa Kisangani hupenda kusema kwamba kama mababu hao wote walitoka Unguja kweli, basi Sultani Barghash alibaki na minazi tu.

Nami nilikuwa nikicheka naye, mpaka siku binti yangu alipoleta kazi ya shule: achore mti wa ukoo wake. Upande wa mama yake ulijaa haraka. Upande wangu alipanda vizuri mpaka kwa babu mkuu, pale akaandika "Zanzibar", akaishia hapo. Halafu akaanza kuuliza. Mtaa gani? Kabila gani? Mama yake nani? Alikuja kwa meli au kwa miguu? Sikuwa na jibu hata moja. Nikampigia simu baba mkubwa, ambaye ndiye mzee wetu hapa Ubelgiji, nikidhani atafurahi kwamba mtoto anataka kujua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, ukimchunguza sana bata, hutamla." Akaniuliza habari za mvua.

Basi nikajua kwamba kuna jambo.

Nilianza na mahali ambapo Brussels yenyewe imemwandika mtu kama babu. Katika bustani ya Cinquantenaire, hatua chache tu kutoka Msikiti Mkuu, kuna mnara mkubwa wa mawe wa kuwasifu Wabelgiji waliotangulia kwenda Kongo. Ni kazi ya mchongaji Thomas Vinçotte, nao ulizinduliwa mwaka 1921. Wengi wetu hupita hapo Ijumaa bila kuutazama. Kati ya maandishi yake yamo yanayosema kwamba ushujaa wa askari wa Kibelgiji ulimwangamiza Mwarabu mfanya biashara ya watumwa. Neno hilo "Mwarabu" limepata taabu zake: balozi za nchi za Kiarabu zililalamika, likafutwa, baadaye likarudishwa, kisha mikono isiyojulikana ikalikwaruza tena. (Hata msikiti wenyewe una asili yake ya kuchekesha. Jengo lile lilijengwa karne ya 19, na kwa miaka mingi lilikuwa na picha kubwa mno ya mji wa Cairo ya kuwastaajabisha watazamaji. Lilifunguliwa kama msikiti mwaka 1978.)

Nilisimama mbele ya jiwe lile nikajiuliza: huyo Mwarabu ni nani? Vita vinavyosemwa ni vya 1892 mpaka 1894. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo ikafuata Aprili. Waarabu wenye asili ya Omani walikuwepo, tena wakubwa wenyewe wengi walikuwa ni wao, lakini walikuwa wachache. Jeshi lao, mashamba yao, misafara yao, hata sehemu kubwa ya uongozi wao, vilikuwa mikononi mwa watu weusi: Wanyamwezi, watu wa pwani, na zaidi ya wote watu waliozaliwa Maniema kwenyewe, waliovaa kanzu na kusema Kiswahili. Katika karatasi za Wabelgiji wote hao waliitwa "Arabe", na baadaye "arabisé", yaani aliyefanywa Mwarabu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba jiwe la Cinquantenaire na hadithi ya ukoo wetu vinavuta kamba upande mmoja. Vyote viwili vinamleta babu kutoka mbali. Wabelgiji walimtaka awe mgeni ili kumpiga kwao kuitwe ukombozi. Sisi tulimtaka awe mgeni kwa sababu nyingine, na sababu hiyo ndiyo iliyomfanya baba mkubwa aniulize habari za mvua.

Yeye babu hakujiita Mwarabu. Alijiita mngwana. Neno hili tunalitumia siku hizi kwa mtu mwenye adabu, na huko kwetu limetoa jina la lugha, Kingwana. Lakini zamani pwani lilikuwa na maana kali zaidi: mngwana ni mtu asiye mtumwa. Chini yake walipangwa wengine. Mzalia ni aliyezaliwa nyumbani mwa bwana, akakulia katika dini na lugha ya mji. Mjinga ni mateka mpya aliyetoka bara, asiyejua neno wala sala. Nje ya wote hao ni mshenzi, asiye wa mji kabisa. Ukitazama vizuri utaona kwamba katika ngazi hiyo yote hakuna hata neno moja linalotaja mahali. Mngwana si mtu wa Unguja wala wa Lamu wala wa Bagamoyo. Ni mtu ambaye hakuna awezaye kusema, "huyu ni wangu."

Bara neno hilo likalegea. Kijana aliyetekwa kijijini, akapewa bunduki na nguo nyeupe, akajifunza kusali, aliweza kuitwa mngwana mbele ya watu wa kijiji alichotumwa kukiteka. Akiulizwa na mtoto wake, "Baba, mngwana ni nini?", jibu rahisi kuliko yote lilikuwa: ni mtu wa pwani. Na akiulizwa na Mzungu baada ya 1893, jibu hilo lilikuwa na faida zaidi. Wengi wa wale walioitwa "waliokombolewa" kutoka utumwani waliingizwa katika jeshi la Dola Huru ya Kongo na katika kazi zake. Mwenye kukiri kwamba aliwahi kuwa mtumwa alikuwa anatoka kwa bwana mmoja na kuingia kwa mwingine. Hayo ni maoni yangu, lakini nadhani nisingekuwa na ujasiri wa kusema vingine.

Tusidhani kwamba kucheza na asili ni kazi ya wanyonge tu. Bingwa wa mchezo huo ni Tippu Tip mwenyewe. Hamed bin Muhammed el-Murjebi aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Kila Mkongo mwenye kusema Kiswahili angepaswa kukisoma kitabu hicho, japo kwa hasira. Humo anasimulia jinsi alivyoipata nchi ya Utetela, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Akiwa njiani alisikia kwa mateka kwamba mfalme wa huko, mzee Kasongo Rushie, zamani alinyang'anywa dada zake vitani, wakachukuliwa mbali wasirudi. Tippu Tip akaiweka habari hiyo moyoni. Alipofika karibu na Utetela akatangaza kwamba mmoja wa dada hao alinunuliwa na babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir, na kwamba yeye Hamed ni mjukuu wa mwanamke huyo, damu ya Kasongo Rushie. Mzee yule akampokea kama mjukuu aliyepotea, akamkabidhi utawala. Baadaye kabisa Tippu Tip anaisimulia habari hiyo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza bei ya pembe.

Wanahistoria huichukulia kama hila, na mimi pia. Lakini tazama hila yenyewe ilivyosukwa. Haikuwezekana ila kwa sababu kila mtu aliyesikia alijua kwamba mambo kama hayo hutokea: msichana wa Utetela anaweza kununuliwa, akapelekwa pwani, akazaa na bwana, na wajukuu wake wakawa Waarabu. Mwarabu mkubwa kuliko wote wa Maniema alipata ufalme kwa kudai bibi mtumwa wa bara. Wanyampara wake na watu wao, waliokuwa nao hao mabibi kweli, walijijenga kwa kuwakana.

Nikaenda kwenye majina. Jina la babu mkuu sitalitaja hapa, kwa kuwa baba mkubwa ameniomba lisitoke katika jarida. Niseme tu kwamba ni la lile fungu ambalo kila mtu wa pwani wa zamani angelitambua mara moja. Kulikuwa na majina ya mawe na vito, Feruzi, Almasi, Marijani; na majina ya heri, Mabruki, Baraka, Faraji, Bahati. Mabwana waliwapa watumwa wao majina hayo kama mtu anavyoipa jina jahazi yake. Jina la baba halifuati. Waungwana wa nasaba ni fulani bin fulani bin fulani. Feruzi ni Feruzi tu, au Feruzi wa fulani.

Mfano mashuhuri ni Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto wa miaka kama 12, akauzwa Kilwa, akapelekwa Bara Hindi, na bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Unguja. Tangu 1857 aliwaongoza Burton na Speke, mwaka 1871 alikuwa na Stanley, kisha akavuka bara lote na Cameron, wakipitia Nyangwe mwaka 1874. Mtu huyo, ambaye pengine aliikanyaga Afrika kuliko mwingine yeyote wa zama zake, aliingia katika vitabu akiwa na jina la mji wa ng'ambo ya bahari ambako alipelekwa kama mzigo. Kama angezaa watoto Nyangwe, leo wajukuu wake wa Matonge wangekuwa wanatafuta tiketi za ndege za kwenda India.

Karatasi za Stanley ziko karibu nasi kuliko wengi wanavyofikiri. Ni mali ya Shirika la Mfalme Baudouin, nazo zinahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren. Unapanda tramu namba 44 pale Montgomery, unapita katikati ya msitu, unashuka mwisho wa njia. Stanley aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na watu 356, na katika maandishi yake aliwaita watu hao wa Unguja kwa jina hilohilo tunalojivunia, Wangwana. Oktoba 1876 alikutana na Tippu Tip, wakapatana dola 5,000 ili amsindikize kuteremka mto. Agosti mwaka uliofuata masalia ya msafara yalifika Boma. Stanley alikuwa mkali na majivuno yake hayakuwa madogo, lakini kuna jambo moja aliwafanyia wapagazi wale ambalo wengine hawakufanya: katika kitabu chake cha 1878 alichapisha majina ya waliokufa.

Nimeyasoma majina hayo kidole kikiwa juu ya mstari. Yameandikwa kama sikio la Mzungu lilivyosikia, kwa hiyo inabidi uyasome kwa sauti ndipo mtu ajitokeze: "Farjalla" anakuwa Faraji Allah. Jina la babu mkuu limo. Tatizo ni kwamba haliko peke yake. Mmoja mwenye jina hilo alikufa njiani. Wenziwe wenye jina kama hilo hutajwa mara moja, kisha hawaonekani tena. Hakuna baba, hakuna kijiji, hakuna kabila. Jina lilitolewa ili kumkata mtu na kwao, na miaka mia na hamsini baadaye bado linafanya kazi yake vizuri.

Kuhusu karatasi za serikali, msomaji anayetaka kuanza safari kama hii ajue mapema kwamba hatakuta kila kitu. Mwaka 1908, Kongo ilipotoka mikononi mwa Leopold II kuingia mikononi mwa Ubelgiji, mfalme aliamuru nyaraka nyingi za Dola yake zichomwe, na moto huo uliwaka hapa hapa Brussels kwa siku kadhaa. Kilichobaki ni kingi bado, lakini ni macho ya afisa. Anahesabu bunduki, pembe, na "Waarabu" waliojisalimisha. Hajali bibi wa mtu alitoka kijiji gani.

Na hata palipokuwa na afisa aliyejali, hakupata jibu moja. Chukua habari ya Ngongo Lutete, ambaye hakuwa mpagazi asiyejulikana bali bwana wa Ngandu mwenye maelfu ya watu. Alikuwa mtumwa utotoni, akapanda mpaka akawa mkuu wa vita wa Tippu Tip. Mwaka 1892 Wabelgiji walimshinda, akaenda upande wao, na bila yeye wasingeifikia Nyangwe kwa wepesi ule. Tarehe 15 Septemba 1893 maafisa wa Dola walimpiga risasi kwa shutuma ya uhaini, shutuma ambayo hata Wazungu wenzao waliitilia shaka. Huyo alionwa, alizungumzwa, aliandikiwa ripoti. Pamoja na hayo, vitabu vingine vinamwita Mtetela, vingine Msongye, vingine Mkusu. Askari wake walipoasi Luluabourg mwaka 1895, maasi hayo yakaitwa ya Batetela, ingawa ndani ya jeshi lile kulikuwa na watu wa kila upande. Jina la kabila lilibandikwa kwanza. Watu wakalikuta linawangoja.

Nikiwa karibu kukata tamaa, nilikumbuka kitu nilichokiona Tanzania zamani bila kukitia maanani. Ujiji, Kigoma, Tabora na Dar es Salaam kuna watu wanaoitwa Wamanyema. Ni wenyeji wa miji hiyo kwa vizazi, wana misikiti yao na historia yao ya mitaa, na ukiwauliza watakwambia: babu yetu alitoka Kongo, Maniema. Yaani kule wajukuu wanasema babu alitoka kwetu, na kwetu wajukuu wanasema babu alitoka kule. Njia ya msafara ilikuwa na pande mbili. Kijana aliyetekwa Maniema alishushwa Ujiji au Tabora, akakaa miaka kumi, akajifunza Kiswahili na sala, akapewa jina la jiwe la thamani. Kisha bwana wake akapanga safari ya pembe kwenda magharibi, na nani afaaye kumfuata kuliko yule anayejua lugha ya huko? Akarudi nchi yake akiwa na bunduki, kanzu, na jina geni. Mama yake akimwona barabarani angemwinamia kwa hofu. Huyo aliposema "mimi natoka pwani," hakuwa anadanganya kabisa. Alikuwa anataja mahali alipoondoka akiwa mtu.

Siwezi kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa babu yetu. Nasema kwamba inawezekana zaidi kuliko jahazi la Unguja.

Vijana wataniambia nipime damu, siku hizi ni rahisi. Mwaka 2023 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wa mabaki ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani, na wakaona kwamba pale ambapo wazee wa Kishirazi husimulia mababu wa Uajemi, kweli damu ya Uajemi imo, hasa kwa upande wa baba, na upande wa mama ni Afrika kwa sehemu kubwa mno. Ni elimu nzuri. Lakini hakuna kipimo kitakachoonyesha kama mtu alikuwa mngwana au la, na hilo ndilo lililokuwa likimsumbua baba mkubwa.

Nilikwenda kwake Jumapili moja na binti yangu, nikiwa na nakala zangu zote mkobani. Sikuzitoa. Nilimsimulia tu habari ya Tippu Tip na Kasongo Rushie, na alicheka mpaka akakohoa, kwa sababu hakuwahi kuisikia. Halafu akakaa kimya, akamtazama mtoto. Akasema kwamba bibi yake, aliyemwona babu mkuu uzeeni, alikuwa akisimulia kwamba mzee yule hakuwahi kucheka mbele ya watu bila kuziba mdomo kwa kiganja. Watoto walidhani ni heshima. Alipokufa, waliomwosha ndio walioona: meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa.

Watu wa mji wa pwani hawakuchonga meno watoto wao. Walichonga watu wa bara, wengi sana, kuanzia kusini kwenye Wayao na Wamakua mpaka kwetu Maniema, kila mmoja kwa namna yake. Nilimwuliza yalichongwa vipi, kwa ncha au kwa pengo, maana hiyo ingetuonyesha angalau upande wa kutazama. Hakujua. Waliomwosha waliambiwa wanyamaze, na walinyamaza miaka mingi kabla bibi hajamwambia mjukuu mmoja tu, ambaye sasa alikuwa na zaidi ya miaka themanini na alikuwa akitwambia sisi, Ixelles, ghorofa ya nne, chai ikipoa.

Binti yangu alitoa ile karatasi ya mti wa ukoo, ambayo mwalimu alikuwa amekwisha kuisahihisha, akauliza kama afute "Zanzibar". Baba mkubwa alivaa miwani akaitazama kwa muda mrefu. Akasema asifute kitu. Akauliza mbona mahali pa babu pana mji tu na jina halipo. Akamwambia achukue kalamu, akamtajia lile jina, herufi moja moja, taratibu, ili asilikosee.